Chachu ya Kupeana: Mkate wa Urafiki na Chachu za Zamani za Karatu na Ngorongoro

Katika nchi ya Marekani iko desturi ya majirani kupeana kikombe cha unga uliochacha, ili kila apewaye aoke mkate wake, kisha naye awagawie wengine. Mkate huo huitwa mkate wa urafiki, na watu wengi husema ya kuwa asili yake ni kwa Waamishi, Wakristo wa Pennsylvania waishio kwa desturi za kale. Wengine huanzisha chachu yake kwa matunda yaliyotiwa sukari na kuachwa mpaka yatoe povu. Mapishi hayo yamekwisha kuenea mbali, nasi twaona ni vema waalimu na wachungaji walioko katika nchi ya juu, huku Karatu na Ngorongoro, wayafahamu vizuri. Maana ndani yake limo jambo ambalo wazee wa nchi hii walilijua kabla ya mkate wa ngano kuonekana kwao: ya kuwa chachu ni kitu chenye uhai, na kitu chenye uhai hudumu kwa kutunzwa na kwa kugawiwa. Ujuzi huo sasa waelekea kusahauliwa, pamoja na maneno yake. Kwa hiyo tutaeleza kwanza maneno, kisha kazi ya chachu yenyewe, kisha chachu za zamani za nchi hii, kisha desturi ya Marekani, na mwisho namna mtu awezavyo kuifanya chachu ya matunda nyumbani kwake.

I. Maneno

Waswahili wana maneno mawili, chachu na hamira, na watu wengi leo huyatumia kana kwamba ni neno moja. Lakini asili zake ni mbalimbali, na maana zake pia zapasa kutengwa.

Chachu limetoka katika kitenzi kuchacha. Uji wa jana huchacha, maziwa huchacha, maharagwe yaliyolala penye joto huchacha. Kutoka hapo twapata kuchachuka, kuchachua, uchachu, na chakula kichachu. Tena neno hili lina maana ya kuchemka kwa nguvu pasipo moto, ndiyo sababu husemwa ya kuwa vita vimechacha. Basi chachu ni kile kinachofanya kingine kichache: kidogo cha zamani kinachotiwa katika kikubwa kipya, na chote kikageuka.

Hamira ni neno lililotoka Arabuni, khamira, nalo ni ndugu wa khamr, yaani mvinyo. Watu wa Mombasa na Lamu wana jina jingine la ukoo huo huo, mahamri, ndiyo maandazi ya pwani yaliyoumuliwa na kukaangwa katika mafuta. Zamani hamira na chachu yaliweza kusimama mahali pamoja. Siku hizi, mtu asemapo hamira, karibu sikuzote ana maana ya vile vipunje vikavu vinavyonunuliwa dukani katika paketi au kopo.

Yako na maneno mawili ya kazi yenyewe, kuumua na kuumuka. Mpishi huumua unga, unga huumuka. Haya yasichanganywe na kuchacha, maana unga waweza kuchacha usiumuke, kama ikiwa chachu ni dhaifu. Na waweza kuumuka pasipo kuchacha, kama ukitiwa magadi au unga wa kuumulia wa dukani, ambao hauna uhai wowote ndani yake.

Kwa nini twakaza tofauti hii? Kwa sababu mtoto wa shule wa Karatu, aliyeiona hamira ya paketi tu, akisikia habari za chachu katika Maandiko hudhani ni unga mkavu wa kununua. Lakini katika nyumba za Palestina ya kale hapakuwa na kitu kama hicho. Mwanamke alipokanda unga wake alibakiza donge dogo, akaliweka mpaka siku ya kukanda tena; ndipo alipolichanganya na unga mpya, na kabla ya kuoka akabakiza tena. Hivyo chachu ya leo ilikuwa mtoto wa chachu ya jana, na ile ya jana mtoto wa ile ya juzi. Ndiyo maana Waisraeli walipoagizwa kuondoa chachu nyumbani kabla ya sikukuu ya mikate isiyochachwa, agizo hilo lilikata mfululizo wote wa mwaka uliopita. Baada ya sikukuu iliwapasa kuanza upya. Mwalimu asiyejua jambo hili hawezi kueleza nguvu ya mfano wa chachu, wala upande wake wa wema wala upande wake wa ubaya.

II. Kazi ya chachu

Watu walitumia chachu kwa maelfu ya miaka pasipo kujua ni nini. Mtaalamu Mfaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyeonyesha waziwazi, tangu mwaka 1857 na katika miaka iliyofuata, ya kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Viumbe hivyo ni vya namna mbili kuu. Wa kwanza ni kuvu ndogo sana, ndizo zilizomo katika hamira. Kuvu hizo hula sukari, nazo hutoa vitu viwili: hewa, ile hewa nzito tunayoitoa sisi wenyewe tunapopumua, na kileo. Katika mtungi wa pombe, hewa hupotea na kileo hubaki. Katika donge la unga, hewa hunaswa ndani ya unga ulionata, ukavimba. Na kileo, kilicho kidogo, sehemu kubwa hutoka kwa moto wa kuoka. Wa pili ni bakteria wafanyao uchachu, ndio wale wageuzao maziwa mabichi kuwa mgando. Uchachu wao huwazuia wadudu wengi waharibuo chakula, kwa hiyo chachu iliyo njema hujilinda yenyewe.

Viumbe hawa wamo kila mahali: juu ya maganda ya zabibu, ya ndizi na ya mapera, juu ya punje za ngano na mtama, ndani ya maua yaliyotembelewa na nyuki. Asali pia inavyo, lakini asali halisi haichachi, kwa sababu maji yake ni machache mno kwao. Mtu akiitia maji, huamka. Neno hili lafaa likumbukwe, kwa maana lafungua habari za chachu za nchi hii.

III. Chachu za zamani za nchi hii na jirani zake

Nchi ya Karatu na Ngorongoro ni makutano ya watu wa lugha mbalimbali. Wairaqw, ambao jirani zao huwaita Wambulu, ni wakulima na wafugaji wa nchi ya juu. Wamasai na Wadatoga ni watu wa mifugo. Chini, penye ziwa la Eyasi, wako Wahadzabe, wawindaji na walina asali. Kila watu wana njia zao za chakula na kinywaji, lakini waliofanya pombe au maziwa ya kuchacha, wote walikuwa na njia ya kuihifadhi chachu.

Wairaqw huiita pombe ya nafaka buura. Kwao, kama kwa wakulima wengi wa bara, pombe hiyo ilikuwa malipo na heshima ya watu waliokuja kumsaidia mwenzao kulima au kujenga, na ilikuwa na mahali pake katika shughuli za wazee. Nafaka huloweshwa ichipue iwe kimea, husagwa, hupikwa, kisha huachwa ichache. Mtungi ule ule, usiooshwa kwa maji ya moto, na machicha yaliyobaki chini yake, hutosha kuiamsha pombe mpya.

Wamasai nao wana pombe ya asali, waiitayo enaisho, na jina hilo ndilo pia jina la asali. Haikuwa kinywaji cha kila siku wala cha kila mtu. Ilikuwa ya wazee, nayo ilitakiwa katika ndoa na katika sherehe kubwa. Katika asali iliyotiwa maji hutiwa mizizi ya shubiri, mmea wenye majani manene na utomvu mchungu, ambao Wamasai huuita osuguroi. Kisha chombo huwekwa karibu na moto kwa siku kadhaa. Wadatoga nao ni mashuhuri kwa pombe yao ya asali.

Lakini chachu iliyo karibu zaidi na ile ya matunda ya Marekani ni tunda la mwegea, ambao wengine huuita mvungunya. Ni mti wenye maua mekundu meusi yafungukayo usiku, na matunda marefu mazito yaning'iniayo kama kwa kamba. Wamasai huuita oldarpoi. Huko Karatu juu hauonekani sana, lakini mtu akishuka ukuta wa Bonde la Ufa kufika Mto wa Mbu na ziwa Manyara atauona. Katika Kenya, Wakikuyu huuita muratina, na jina hilo limekuwa pia jina la pombe yao. Wakamba huuita muatini.

Namna ya kulitengeneza tunda hilo yastahili kuangaliwa. Tunda hupasuliwa kwa urefu, likaanikwa juani. Likikauka huchemshwa katika maji, maji yakamwagwa, likaanikwa mara ya pili. Kisha hutiwa katika maji kidogo ya asali au ya miwa, likawekwa penye joto muda wa siku moja, likatolewa na kuanikwa tena. Hapo limekwisha kuwa chachu. Ndani ya nyuzi zake zilizo kama sifongo, kuvu zimefanya makao. Likitiwa katika pipa la maji ya miwa au ya asali, kinywaji huchacha kwa siku moja mpaka nne. Kazi ikiisha, tunda halitupwi: hutolewa, huanikwa, hutundikwa, hungoja kazi nyingine. Na lipitapo mara nyingi katika kazi, ndivyo lizidivyo kuwa jema. Tuongeze onyo moja: tunda bichi la mwegea ni sumu kwa mtu, wala mtu asilitie katika chakula.

Wamasai wana chachu nyingine isiyo ya pombe, nayo ni kibuyu cha maziwa. Kibuyu husafishwa ndani kwa kijinga cha mti, mara nyingi mzeituni wa mwitu uitwao oloirien, ambao u mwingi katika misitu ya nchi hii. Moto na moshi huua vingi, lakini si vyote. Katika matundu ya ukuta wa kibuyu hubaki wale bakteria wema, na maziwa mapya yatiwapo hugandishwa nao. Mama asiye na kibuyu cha zamani hana budi kuanza kwa kutia maziwa ya mgando ya jirani yake.

Nje ya nchi hii jambo ni lile lile. Pwani, tembo la mnazi lilitumika kuumulia unga kabla ya hamira ya dukani kuzoewa. Na katika Goa, Bara Hindi, mikate ya mchele iitwayo sanna huumuliwa vivyo hivyo kwa tembo. Huko Ethiopia, afanyaye injera huchota maji ya manjano yaliyopanda juu ya unga wa tefu uliochacha, huyaita ersho, naye huyatia katika unga mpya.

Tukiyaweka haya yote pamoja, twaona kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna anayeanza upya kila mara. Kila chachu ina mama yake. Ya pili, chachu hufuata haja. Tunda kavu hungoja juu ya dari mpaka harusi ifike au shamba lilimwe, halimsumbui mwenyewe. Na aliyepungukiwa humwendea aliye nacho.

IV. Mkate wa urafiki

Sasa tuje katika desturi ya Marekani. Waamishi walipata jina lao kwa Jakob Ammann, aliyeongoza mfarakano katika Wamenoni wa Uswisi na Alsace mwaka 1693. Katika karne ya 18 wengi wao walihamia Pennsylvania. Mpaka leo wafuasi wa kanuni ya zamani hutumia magari ya farasi, huishi kwa kilimo na ufundi, na husaidiana katika kujenga na katika magonjwa.

Mapishi yajulikanayo katika Marekani kwa jina lao ni haya. Unga kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja na maziwa kikombe kimoja huchanganywa na kidogo cha chachu ya zamani. Kwa siku kadhaa mchanganyiko hukorogwa tu. Katikati ya muda huongezwa unga, sukari na maziwa. Siku ya 10 huongezwa tena, kisha hugawanywa: vikombe vitatu kwa rafiki watatu, kikombe kimoja cha kubakiza, na kilichozidi huokwa. Namna ya pili hutumia matunda, kama mafyoksi, mananasi na zabibu, yaliyotiwa sukari nyingi siku baada ya siku mpaka yachache; maji yake hugawiwa rafiki, na matunda yenyewe hutiwa katika keki.

Je, ni desturi ya Waamishi kweli? Mapishi yaliyoenea, ambayo yalivuma hasa miaka ya 1980 na 1990, mara nyingi hutaka unga wa pudini wa paketi, kitu cha kiwandani, si cha jiko la kale. Elizabeth Coblentz, mwanamke wa Waamishi wa kanuni ya zamani, aliyeandika habari za mapishi katika magazeti mengi ya Marekani mpaka kufa kwake mwaka 2002, alieleza ya kuwa mkate wa urafiki wa kweli kwao ni mkate wa chachu wa kawaida tu, wanaopelekewa wagonjwa na wahitaji. Tofauti hii ni kubwa kuliko ionekanavyo. Katika desturi iliyovuma, chachu hutumwa kwa yeyote, ahitaji asihitaji. Katika desturi ya Waamishi wenyewe, mkate hufuata haja.

Mwalimu wa hesabu aweza kuonyesha darasa lake matokeo ya ile ya kwanza. Nyumba moja yenye chachu, baada ya siku 10 zimekuwa nyumba 4. Baada ya siku 20 ni 16. Siku 30 ni 64. Siku 40 ni 256. Siku 50 ni 1,024. Kila mtu akiitii sheria, baada ya siku 100 nyumba ni 1,048,576. Ni dhahiri ya kuwa muda mrefu kabla ya hapo kila jirani amekwisha kupewa mara nyingi, na zawadi imekuwa mzigo. Watu hukimbiana, au humwaga chachu kwa siri. Sababu ni moja: chachu ya majimaji yenye sukari hudai kutunzwa kila siku, nayo haijui kungoja. Wazee waliolianika tunda la mwegea walikuwa wamekwisha kulitatua fumbo hilo.

V. Kwa nini ujuzi huu ulipotea

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni hamira ya kiwanda. Ndugu wawili Fleischmann walianza kuuza hamira iliyoshindiliwa huko Cincinnati mwaka 1868, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilipatikana hamira kavu isiyohitaji baridi. Ni kitu cha msaada mkubwa, wala hatuilaumu. Katika Karatu, mji ulio njiani kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, wenye nyumba nyingi za wageni, mwokaji hawezi kungoja usiku kucha, na hamira humwumulia unga kwa saa moja au mbili.

Sababu ya pili yatuhusu sisi wenyewe. Misheni nyingi za Afrika Mashariki ziliwakataza waumini wao pombe, wala hatukusudii hapa kulijadili agizo hilo. Ulevi umeharibu nyumba nyingi. Lakini chachu ya nchi ilikuwa imekaa ndani ya mtungi wa pombe, na mtungi ulipotolewa nyumbani, chachu ilitoka pamoja nao. Nyumba ya Mkristo ilipoanza kuoka mkate wa ngano, haikuwa na chachu yake, ikategemea duka. Hivyo mtu aweza kuwa ni mwana wa watu waliojua kuifuga chachu kwa vizazi vingi, naye akadhani ya kuwa mkate hauwezi kuumuka pasipo paketi iliyotoka ng'ambo. Wengine huuliza kama chachu ya matunda si pombe kwa jina jingine. Jibu ni kwamba kazi ya kuvu zake ni ile ile ya kuvu zilizomo katika hamira ya dukani. Kinachotofautiana ni chombo na kusudi.

VI. Namna ya kuifanya huku Karatu

Ngano imelimwa katika nchi ya juu ya Karatu, kama Mbulumbulu, kwa miaka mingi, na zabibu za Dodoma zapatikana zikiwa kavu. Basi vitu vyote vimo nchini.

Chukua konzi moja ya zabibu kavu, na nusu ya ndizi mbivu au pera moja, vilivyooshwa kwa maji safi. Tia katika chupa pana iliyochemshwa, pamoja na vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, na vijiko viwili vya sukari au asali. Funika kwa kitambaa, wala usikaze kifuniko, maana hewa hupasua chupa. Tikisa asubuhi na jioni. Kwa siku tatu mpaka sita zabibu zitaelea, povu litapanda, na harufu itakuwa ya matunda yenye ukali. Ukiona manyoya ya ukungu, au rangi ya waridi au ya chungwa, au ukisikia harufu ya kuoza, mwaga vyote uanze tena. Usijaribu kuokoa sehemu.

Chuja maji hayo. Changanya nusu kikombe chake na nusu kikombe cha unga wa ngano, uache usiku kucha. Siku zifuatazo, kila siku bakiza nusu ya mchanganyiko, uulishe unga nusu kikombe na maji chini kidogo ya nusu kikombe; nusu nyingine tia katika chapati. Ikiwa mchanganyiko wapanda mara mbili ya kimo chake kabla ya saa nane kupita tangu kulishwa, chachu imekomaa.

Kwa mkate mmoja: chachu kikombe kimoja, unga vikombe vitatu, maji robo tatu ya kikombe, na chumvi kijiko kidogo kilichojaa. Kanda mpaka unga uwe laini na kunyumbuka, funika, acha uumuke. Kabla ya kutia chumvi, kumbuka kubakiza chachu yako. Asahauye hana mkate wa kesho.

Hapa nchi yenyewe yataka kuangaliwa. Karatu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hufika mita 2,300 na zaidi. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo unga hupanda upesi zaidi na hukauka upesi. Lakini baridi huilaza chachu. Penye Karatu maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na penye ukingo kwa nyuzi 92, si 100 kama pwani. Kwa hiyo, katika miezi ya Juni mpaka Agosti, chombo na kiwekwe karibu na meko, na unga uachwe usiku kucha. Katika miezi ya joto saa nne mpaka sita zaweza kutosha. Mtu asitazame saa, atazame unga: ukipanda mara mbili, ni wakati wake.

Asiye na tanuri atumie sufuria nzito iliyopakwa mafuta na kufunikwa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, muda wa robo tatu ya saa hivi. Mkate ulioiva ukigongwa chini hulia kama kitu kilicho wazi ndani.

Na sasa hekima ya tunda la mwegea. Chachu ikiwa na nguvu, paka kidogo chake, nyembamba sana, juu ya sahani au karatasi safi, uianike kivulini penye upepo. Kwa siku moja au mbili itakuwa magamba makavu. Yavunje, uyatie katika chupa kavu. Hapo chachu haidai chochote; yaweza kukaa miezi mingi, kupelekwa kijiji cha mbali katika karatasi, au kupewa bibi arusi aendaye kwake. Atakaye kuiamsha aloweshe kijiko kimoja katika maji ya vuguvugu, aulishe unga mara mbili au tatu, nayo itapanda.

VII. Shauri letu kwa waalimu

Twapendekeza mambo matatu. La kwanza, katika mafundisho na katika maandishi, neno chachu na litunzwe kwa maana yake: kile cha zamani kitiwacho katika kipya, na hamira iachiwe kitu cha dukani. Kiswahili kina utajiri hapa, nasi tusiufuje kwa uvivu.

La pili, kila mwalimu aliye katika nchi hii na awaulize wazee, wanaume kwa wanawake, majina ya mizizi, matunda na vyombo vya kuchachulia, katika Kiiraqw, Kimasai na Kidatoga, ayaandike pamoja na matumizi yake. Kuandika habari za mtungi si kuurudisha ulevi. Maneno hayo yakizikwa pamoja na wazee, hakuna duka litakalotuuzia mengine.

La tatu, chachu na ifugwe shuleni. Watoto waweza kujifunza kwayo habari za viumbe wadogo, hesabu, na usafi, tena wakala mkate mwisho wa somo. Kisha kila mmoja apewe magamba makavu machache katika karatasi iliyokunjwa, apelekee nyumbani kwao. Asilazimishwe kuwagawia watu watatu. Aambiwe tu ya kuwa jirani akija kuomba, asimnyime. Kwa maana huenda siku moja chachu yake mwenyewe ikafa kwa baridi au kwa kusahauliwa, na hapo atajua nyumba ya kuiendea.